Steshenari ya mlango wa buluu Mbagala Zakhem: huduma nzuri, ila foleni yake inaniumiza

Jamani mimi ni mteja wa hii steshenari tangu 2019 na sijawahi kukaa chini nikaiandikia chochote, naandika leo kwa sababu wiki iliyopita kuna dogo kaniuliza kwenye daladala "dada, ni wapi naweza kuombewa ajira kwa uhakika?" nikamwelekeza pale, afu usiku nikawa nalifikiria hilo neno lake, kuombewa ajira, kwamba kijana mwenye diploma yake mkononi anahitaji mtu wa kumwombea. Nikaona bora niandike kila ninachokijua kuhusu ile sehemu, uzuri wake na ubaya wake, na nilichokiona kwenye foleni yake kwa miaka yote hii, sababu kile ndio kimenifundisha kwanini vijana hatuna kazi kuliko semina yoyote niliyowahi kwenda.

Ukishuka kituo cha Zakhem unaingia kichochoro cha fundi viatu na mama wa chipsi, frem ya tatu kulia, mlango wa buluu. Bango limepauka kwa jua limebaki neno FOTOKOPI tu. Jina la duka siliandiki maana mwenyewe sijamwomba ruhusa, ila ukimuuliza fundi viatu atakuonyesha kwa kidole bila hata kuinua kichwa. Ndani kuna kompyuta mbili, printa ya wino mweusi na nyingine ya rangi, mashine kubwa ya fotokopi ya zamani, skana, ya laminesheni, na chini ya meza kuna betri ya sola ambayo ndio imeokoa watu wengi usiku umeme ukikatika.

Bei zake mpaka naandika hapa: fotokopi 100, kuprinti nyeusi 200, rangi 500, kuskani 500 kwa ukurasa, CV mpya kuandikiwa toka mwanzo 3,000, kufunguliwa akaunti ya Ajira Portal, ule mfumo wa serikali wa kuomba kazi mtandaoni, na kujaziwa kila kitu 5,000, kama akaunti unayo tayari na unataka kutuma ombi tu ni 2,000. Kukuangalizia kama jina lako limo kwenye PDF ya walioitwa usaili hakutozi hata mia. Hii naisema kwa herufi kubwa moyoni mwangu kwa sababu kuna sehemu nyingine hapo hapo Mbagala wanakutoza elfu moja kukutafutia jina lako kwenye orodha iliyotolewa bure, na watu wanalipa, sababu simu zao zimepasuka vioo au bando limeisha.

Sasa huduma yenyewe. Huyu kaka ni makini kuliko watu wengi waliokaa ofisini. Anajua masharti yote kichwani: barua iwe imesainiwa, vyeti viwe vimethibitishwa na wakili, cheti cha kuzaliwa kiwepo, wadhamini watatu na namba zao za simu, umri usizidi miaka 45, "statement of results", ile karatasi ya matokeo ya muda kabla ya cheti, haikubaliki, mtu akimletea anamrudisha pale pale kabla hajachukua hela yake. Barua zote za Sekretarieti ya Ajira anaandika anuani S.L.P. 2320 Dodoma bila kuangalia popote, ameshaiandika mara nyingi mno. Faili likiwa kubwa analipunguza mpaka mfumo ulikubali, na akimaliza anakugeuzia kioo cha kompyuta usome mwenyewe kila mstari kabla hajabonyeza kutuma. Mwaka juzi kwenye CV yangu alikuta nimeandika mwaka wa kumaliza kidato cha sita tofauti na ulio kwenye cheti, kosa langu la miaka na miaka na hakuna aliyewahi kuliona, yeye aliliona.

Usiku ninaoukumbuka ni wa mwisho wa tangazo moja, saa tano na nusu usiku, tangazo linafungwa saa sita. Tulikuwa watu kumi na moja mle ndani na wengine nje wamekalia matofali. Mfumo unazunguka tu, maana nchi nzima imengoja dakika ya mwisho. Kuna binti alikuja na mama yake mzazi kutoka Kongowe, kashika bahasha ya kaki kwa mikono miwili kama anabeba yai. Zamu yake ikafika, kitambulisho cha NIDA kinasoma jina la baba na "l" mbili, cheti cha kuzaliwa kina "l" moja. Herufi moja. Ilitakiwa apate kiapo kwa wakili kwanza, na saa hiyo wakili yuko kwake amelala. Kaka alimweleza taratibu, tena kwa heshima, "dada, nikituma hivi hivi wanaweza wakakuengua kwenye uhakiki, bora tusubiri tangazo lijalo tuwe tumerekebisha", na yule mama akauliza "lijalo ni lini mwanangu?" Hakuna aliyemjibu. Hakuna mtu mle ndani aliyekuwa na jibu.

Hela yake hakuichukua. Aliwatafutia bajaji ya kurudi.

Naomba nikae kidogo kwenye hilo la gharama kwa sababu watu wenye kazi hawalijui au wamelisahau. Ombi moja, kwa mtu anayeanza toka sifuri, piga hesabu na mimi: akaunti 5,000, kuskani vyeti vitano 2,500, CV 3,000, wakili kwa vyeti vitano kwa bei ya huku kwetu 10,000 ukibembeleza, nauli, bando. Elfu ishirini na kitu imeondoka na hujaitwa popote. Ukiitwa, usaili ukiwa mkoa mwingine kuna nauli ya basi, mahali pa kulala, chakula, na ukipita wa mchujo unarudi tena wa mahojiano. Mtu ambaye hana kazi ndio anayelipia yote hayo. Nimeona watu pale wanaangalia tangazo linalowafaa kabisa, wana sifa zote, wanafunga simu wanaondoka kwa sababu mwezi huo hela ya kuomba hawana. Hao hawahesabiwi popote kwamba waliomba wakakosa.

Na wale wanaoomba ni wangapi? Wakubwa watakumbuka 2014 pale Uwanja wa Taifa, Uhamiaji walikuwa na nafasi 70 wakajitokeza watu zaidi ya elfu kumi, uwanja wa mpira ukajaa wasailiwa. Tulidhani ile ndio mwisho wa maajabu. Mwaka 2025 TRA, mamlaka ya mapato, walikuwa na nafasi 1,596 na maombi yakazidi laki moja na thelathini. Sisi walimu mwaka huo huo, nafasi elfu kumi na nne na ushee, tulioomba ni zaidi ya laki mbili. Mimi nilikuwa mmoja wao. Zamani tulikuwa tunaomba kupitia TAMISEMI hamna usaili, safari hii tukapangwa kwenye vyumba tukafanya mtihani, mtu kamaliza chuo miaka nane iliyopita anakaa karibu na aliyemaliza juzi, wote wanagombea kiti kile kile.

Kaunta buku. Hili lazima niliseme kwa sababu ni lalamiko langu kubwa kwa hii steshenari na pia ndio kitu kilichonifumbua macho. Huyu kaka ana kaunta buku nene, kwaya nne, anaandika jina la kila mteja, kozi aliyosoma, mwaka aliomaliza, imeili na nywila yake. Ndio, nywila. Zimekaa pale mezani wazi, mtu yeyote akigeuza kurasa anaziona. Nimemwambia zaidi ya mara moja kaka hii ni hatari, mtu anaweza akaingia kwenye akaunti ya mwenzie akaharibu kila kitu. Jibu lake lilikuwa watu wanasahau, wanapoteza laini, wanauza simu wapate hela ya kula, wanarudi kwake baada ya miezi sita hawakumbuki hata imeili yao, bila lile buku wangekuwa wanafungua akaunti mpya kila siku. Namwelewa, ila bado sikubaliani naye. Na kwenye kompyuta pia vyeti vya watu vimebaki kwenye deski wazi wazi, unaona majina ya faili, ya fulani, ya fulani. Akinunua tu kabati la kufunga kwa ufunguo na akawa anafuta mafaili jioni, ningempa nyota zote tano.

Ila siku moja nilimsaidia kutafuta nywila ya mtu, nikapitia kurasa kama thelathini za lile buku, na nikaona nchi yangu humo. Ualimu, ualimu, maendeleo ya jamii, uhasibu, ualimu, sheria, ugavi, utawala, ualimu. Kurasa na kurasa. Mwanzo nilifikiri kama wengi wanavyosema kwamba tatizo ni sisi kusoma kozi zisizo na soko. Lakini nikajiuliza, mimi nilivyojaza ualimu kwenye fomu kijijini Tandahimba nilikuwa najua kozi gani nyingine? Watu wenye kazi ya mshahara niliokuwa nawaona kwa macho yangu walikuwa mwalimu, nesi, mtendaji na polisi. Sijawahi kumwona mhandisi wa chakula, maana hakikuwepo kiwanda cha chakula. Mtoto anachagua kati ya vile alivyoviona.

Na ualimu wenyewe si kwamba hauhitajiki. Hapo ndio panaponiuma. Nimejitolea shule moja ya kata miaka miwili, darasa moja lilikuwa na wanafunzi zaidi ya themanini, wengine wanakaa wanne dawati moja, nafundisha Kiswahili na jografia kuanzia asubuhi mpaka mchana, posho inatoka kwenye michango ya wazazi na mwezi mwingine haitoki. Shule inahitaji walimu, walimu wapo mtaani, kati yao kuna ukuta mmoja unaitwa bajeti ya mishahara. Elimu bila ada ilivyoanza Januari 2016 watoto walimiminika, jambo jema sana na mimi nalipenda mpaka leo, ila mwaka huo huo katikati ajira za serikali zikasimamishwa kupisha uhakiki wa watumishi hewa na vyeti feki. Uhakiki ulikuwa na maana yake, Aprili 2017 waligundulika watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Lakini waliomaliza chuo miaka ile hawakuyeyuka, walibaki wanasubiri, na sisi wa 2018 tukaja tukajipanga nyuma yao, na wa 2019 nyuma yetu, vyuo havikuacha kutoa watu hata mwaka mmoja. Foleni ikishakatika mwanzo, nyuma inajaa na haipungui tena hata ukianza kuruhusu wachache wachache.

Sensa ya 2022 ilitukuta watu 61,741,120, na tunaongezeka kwa asilimia 3.2 kwa mwaka, wengi wetu vijana na watoto. Yani hata serikali ikiajiri kila mwaka kwa nguvu zake zote haiwezi kumaliza hao, hili tukubali. Ajira ilitakiwa itoke sehemu nyingine. Ndio nawapeleka kwetu sasa.

Baba yangu ana mikorosho. Ukikua kusini unajua korosho kabla hujajua kusoma, unaokota, unaanika, unapeleka ghalani kwa stakabadhi, mnada unafanyika, meli inakuja Mtwara, korosho inaondoka. Inaondoka na ganda lake. Sehemu kubwa ya korosho yetu inapelekwa India na Vietnam ghafi, inabanguliwa huko, na kila gunia linalopanda meli na ganda lake limebeba na kazi ya mtu ya kubangua, ya kukaanga, ya kupanga madaraja, ya kufungasha, ya kutengeneza mashine, ya uhasibu wa kiwanda, ya udereva, ya mama ntilie wa getini. Shangazi yangu alipokuwa binti alifanya kazi ya kubangua kiwandani Mtwara, anasimulia mpaka leo mikono ilivyokuwa inachubuka kwa mafuta ya ganda na jinsi alivyojenga nyumba ya bati kwa mshahara ule. Serikali ilijenga viwanda kama kumi na mbili vya korosho miaka ya sabini kuelekea themanini, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, vingi vikasimama, baadae vikabinafsishwa, na vingine vikaishia kuwa maghala ya kuhifadhia korosho ghafi ikisubiri kuondoka. Hebu fikiria hilo jengo. Mashine zimetolewa, wafanyakazi wametolewa, imebaki nafasi ya kuweka magunia.

Pamba nayo hivyo hivyo, sehemu kubwa inauzwa nje ikiwa haijasokotwa wala kufumwa, afu nguo tunavaa mtumba. Mimi mwenyewe navaa mtumba, sina uwezo mwingine, simlaumu muuzaji wala mvaaji. Ila viwanda vya nguo vilivyokuwa vinaajiri maelfu Dar, Mwanza na Musoma vilikuja kuelemewa pale milango ilipofunguliwa miaka ya themanini mwishoni na tisini, na mashine zao zilishachoka, umeme wa kubahatisha, madeni. Kijana aliyekuwa aingie pale na elimu ya darasa la saba akajifunza kazi akiwa kazini, leo ndio yupo kwenye bodaboda. Kwa hiyo mtu akiniambia vijana wavivu namwambia njoo Mbagala saa kumi na moja alfajiri uone.

Mdogo wangu wa kiume amewahi kufanya kibarua kiwandani huku barabara ya Pugu. Unafika getini saa kumi na mbili asubuhi, mnasimama kama mia, msimamizi anatoka ananyoosha kidole wewe, wewe, wewe. Ukichaguliwa elfu sita kwa siku, zamu ya saa kumi na mbili, hamna mkataba, ukiumia ni juu yako. Alifanya miezi minne hajui kesho ataingia au hataingia. Kwenye takwimu huyo huenda anahesabika ana kazi. Mimi nikiwa najitolea sijui walinihesabu vipi.

Mwenye steshenari naye ni mmoja wetu. Alisoma Morogoro, shahada ya kilimo, akasubiri ajira ya ugani miaka minne. Nchi ambayo watu wengi kuliko wote wanaishi kwa kilimo, na mtaalamu wa kilimo anaskani vyeti Mbagala. Mama yake aliuza ng'ombe wawili akanunua kompyuta moja na printa moja, na hapo bado frem, maana Dar kodi ya frem wanataka miezi sita mbele, yake laki moja na nusu kwa mwezi, ni laki tisa kabla hujaprinti hata karatasi moja. Juu yake leseni, TIN na makadirio ya kodi. Akaniambia "mwalimu, kila kiongozi akija anasema jiajirini, mimi nimejiajiri, ila naomba waniulize nilipata wapi mtaji". Benki alienda wakataka dhamana, hati ya nyumba au kiwanja, kwao kuna shamba kubwa lakini halina hati, ni la ukoo. Mikopo ya halmashauri ile ya asilimia kumi, nne wanawake, nne vijana, mbili wenye ulemavu, alijaribu na kikundi chao mwaka 2023 ndio ikawa imesimamishwa, ikarudi 2024 kikundi kikiwa kimeshatawanyika, mmoja kaenda Oman, mmoja kaolewa Ifakara, mwingine kapata kibarua bandarini. Naamini ile mikopo ni kitu kizuri, nimeona akina mama wa mtaani kwetu imewainua, ila kijana anayehamahama akitafuta riziki kukaa kwenye kikundi na wenzie muda wote wa kusubiri ni mtihani.

Kuna jambo la lugha pia ambalo mwalimu wa Kiswahili siwezi kulipita. Tunasoma darasa la kwanza mpaka la saba kwa Kiswahili, kidato cha kwanza ghafla kila kitu Kiingereza, wengi tunakariri tu mpaka tunamaliza. Nimekaa kwenye usaili wa shule binafsi, naulizwa namna ya kumsaidia mtoto asiyejua kusoma, jibu ninalo kichwani nimelifanya kwa mikono yangu miaka miwili, ila linatakiwa litoke kwa Kiingereza na linatoka vipande vipande, na namwona aliyenihoji anaandika kitu na sura imeshabadilika. Mwenzangu aliyesoma inglishi midiamu tangu chekechea alijibu vizuri ingawa hajawahi kusimama darasani. Na tangazo la ile kazi lilitaka uzoefu wa miaka mitatu. Uzoefu wa kujitolea walisema hauhesabiki, kwa sababu sina barua ya ajira.

Wengine wote mnalijua la mwisho, mtu wa ndani. Sitalizungumza sana, sina ushahidi wa mkononi, ila pale steshenari watu wakimaliza kutuma ombi swali la kwanza wanaloulizana ni "una mtu?" Hata kama nafasi ilitolewa kwa haki kabisa, mtaani watu wameshapoteza imani kwamba haki inawezekana, na kijana akishapoteza imani hiyo hajiandai tena na mtihani, anatafuta namba ya simu ya mtu.

Na hapo ndio matapeli wanapopatia mlango. Kabla sijakaa sawa na hii steshenari, 2020, nilienda kwa wakala wa ajira mmoja mjini, gorofa ya pili, viti vya plastiki, binti wa mapokezi kapendeza, ukutani picha za watu wamevaa kofia za ujenzi. Fomu elfu kumi, "usajili" elfu arobaini, wakaniambia kuna shule ya kimataifa inanihitaji wiki ijayo. Ile hamsini alinitumia baba, ya korosho. Wiki ikawa mwezi, namba ikawa haipatikani, nilivyorudi mlango umefungwa na kuna wenzangu kama kumi wamekaa kwenye ngazi. Sikujua kipindi kile kwamba kwa kanuni za 2014 za mawakala binafsi wa ajira, wakala haruhusiwi kumtoza hela mtafuta kazi, anamtoza mwajiri. Nakuomba wewe unaesoma ulijue hilo na umwambie mdogo wako. Ukiambiwa toa hela ya fomu, toka. TaESA wapo, ni huduma ya ajira ya serikali, kukuunganisha na mwajiri ni bure.

Ndio maana naithamini hii steshenari. Huyu kaka anauza karatasi na muda wake, hauzi ahadi. Kuna siku kijana alimwambia "bro, nikupe elfu hamsini unipitishie", akamjibu pale pale mbele yetu wote, "mimi nauza kuskani, kupitisha siuzi". Na amewahi kumrudisha mtu aliyetaka abadilishiwe alama kwenye cheti kwa kompyuta, alimrudishia vyeti vyake akamwambia asirudi tena na jambo hilo.

Mabaya mengine niyaseme yaishe. Hamna pa kukaa, ni benchi moja la watu watatu, wengine mnasimama juani. Printa nyeusi inaacha mstari katikati ya ukurasa, mwambie aisafishe kabla ya kuprinti barua yako, usione aibu. Fleshi yake ina virusi, nenda na yako au mtumie kwa imeili. Ijumaa anafunga kuanzia saa sita mchana mpaka saa nane. Na siku za mwisho wa tangazo usiende kabisa kama una njia nyingine, nenda siku ya pili au ya tatu tangazo likitoka, anakuwa na nafasi ya kukaa na wewe na kusoma vyeti vyako kimoja kimoja, hapo ndio utaona uzuri wake.

Nyota nne. Moja nimeizuia kwa ajili ya lile kaunta buku, akilifungia namrudishia.

Yule binti wa Kongowe nilikutana naye tena pale mwezi uliopita, kiapo kashapata, jina limenyooka, wadhamini watatu anao. Kaka alimtafuta kwenye buku akampata, ukurasa ule ule, akamfungulia akaunti yake wakaanza kujaza. Alikuwa peke yake safari hii. Nilimuuliza mama hajambo, akasema yupo nyumbani, ndio kauza kuku kampa hela ya nauli.

Tangazo la sasa linafungwa wiki ijayo Jumanne. Mimi naenda kesho asubuhi saa mbili, kama na wewe unaenda beba NIDA yako, cheti cha kuzaliwa halisi na fleshi yako mwenyewe, na kabla hujatoka nyumbani soma jina la baba kwenye kila karatasi, herufi kwa herufi.